Kuusoma Mlima kwa Miguu: Mandhari ya Filamu za Fantasia Jijini Wellington na Suala la Majina

Utangulizi

Makala hii inanuia kulijadili jambo ambalo wengi wa wanafunzi wetu wa fasihi wangeliona kuwa la kitalii tu, nalo ni desturi ya watu kufunga safari ili wayaone kwa macho yao maeneo ambamo filamu za fantasia zilipigiwa picha. Jiji tutakalolitumia kama kielelezo ni Wellington, mji mkuu wa Nyuzilandi. Mwandishi wa makala haya alibahatika kukaa huko kwa siku chache, na sehemu kubwa ya siku hizo akaitumia kuzifuata nyayo za filamu tatu za The Lord of the Rings. Filamu hizo zilielekezwa na Peter Jackson, aliyezaliwa katika jiji hilo mwaka wa 1961, na zilitolewa mmoja baada ya mwingine mnamo Desemba ya miaka ya 2001, 2002 na 2003.

Haja yetu si kumpa msomaji mwongozo wa safari, ingawa atakayetaka kusafiri huenda akaambulia mawili matatu. Tunataka kuuliza swali moja: je, mahali palipo na jina lake na ngano yake huwaje pakishavishwa ngano nyingine iliyotoka mbali, ngano yenye fedha na sinema nyuma yake? Msomaji asidhani kuwa swali hili ni la Wamaori peke yao. Tutaona mbele kwamba linatuhusu.

Mandhari ni nini hasa?

Tangu shule za upili tumefundishwa kwamba mandhari ni mahali na wakati ambapo matukio ya kazi ya fasihi hutendeka. Fasili hii inatosha kwa mtihani. Hata hivyo, Kiswahili cha kila siku kinalitumia neno lilo hilo kwa maana ya sura ya nchi, yaani kile mtu akionacho anaposimama mahali palipoinuka. Neno lenyewe limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama, mzizi uliotupa pia nadhari na nadharia. Kwa asili yake, basi, mandhari ni kitazamwacho. Sisi wanafasihi ndio tuliolitoa nje, machoni pa watu, tukalitia ndani ya kitabu.

Katika riwaya ya kihalisia maana hizi mbili hukaribiana mno hata tofauti yake isionekane. Mhusika akishuka River Road, msomaji wa Nairobi naye anaweza kushuka River Road. Fantasia haina barabara hiyo. Anayesoma Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi, au Bina-Adamu! (2002) ya Wamitila, hawezi kuomba nauli akaenda kuiona nchi inayosimuliwa, kwa kuwa nchi hiyo imejengwa kwa maneno na haina mahali pengine pa kukaa. Riwaya inaruhusiwa kuishi hivyo. Filamu hairuhusiwi. Kamera ni lazima isimamishwe juu ya ardhi, na ardhi ina mwenyewe. Fantasia isiyo na ramani hujikuta, siku ya kupiga picha, inakodi shamba la mtu.

Ni kwa sababu hii tunaona haja ya kutenganisha mandhari ya kisa na eneo la upigaji picha. La kwanza ni pale wahusika walipo. La pili ni pale waigizaji walipo. Mtalii wa filamu ni mtu anayesimama katika la pili huku akilitafuta la kwanza, na furaha yake yote, pamoja na masikitiko yake, hutokana na pengo lililo kati ya hayo mawili.

J.R.R. Tolkien, mtunzi wa riwaya iliyozaa filamu hizi, alilielewa pengo hilo mapema. Katika mhadhara wake wa mwaka wa 1939 kuhusu hadithi za maajabu, alieleza kwamba mtunzi wa fantasia huumba ulimwengu wa pili ambao akili ya msomaji huweza kuingia; na akiwa humo, anachosimuliwa huwa kweli kwa kadiri kinavyolingana na kanuni za ulimwengu huo. (Wapo wenzetu wanaopenda kumhesabu Tolkien miongoni mwa waandishi wa Afrika kwa kuwa alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka wa 1892. Aliondoka akiwa na umri wa miaka mitatu. Tusijikweze.) La muhimu zaidi kwetu ni kwamba Tolkien alikuwa mwanaisimu aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Oxford, na alianza kuunda lugha kabla ya kuunda hadithi. Majina ya milima na mito katika riwaya yake, iliyochapishwa kati ya 1954 na 1955, yana mizizi, viambishi na historia ya mabadiliko ya sauti. Mtu wa namna hiyo hachukulii jina la mahali kuwa pambo. Inashangaza basi kwamba majina aliyoyatunza kwa uangalifu namna hiyo yalikuja kubandikwa juu ya mahali ambapo tayari palikuwa na majina yaliyotunzwa kwa uangalifu ule ule.

Mlima wenye ngano mbili

Kutoka katikati ya jiji la Wellington mtu huweza kutembea kwa miguu hadi mlima uitwao Mount Victoria, wenye kimo cha mita 196. Kwa macho ya Mkenya ni kilima tu. Ubavuni mwake kuna msitu wa misonobari, na ndani ya msitu huo mna njia nyembamba ambapo picha za mwanzo kabisa za filamu ya kwanza zilipigwa mnamo Oktoba 1999. Aliyeitazama filamu atakumbuka hobiti wanne wakijibanza chini ya mizizi ya mti mkubwa, na juu yao mpandafarasi mweusi akishuka na kunusa hewa. Tukio hilo ni fupi, nalo ndilo linalotujulisha kwamba safari hii si ya mchezo.

Kiongozi aliyetupeleka hapo alikuwa na picha zilizotolewa katika filamu. Alisimama mahali mahususi, akainua picha moja mbele ya macho yetu mpaka ukingo wa njia katika picha ukakutana na ukingo wa njia ardhini. Watu waliguna kwa furaha. Kisha wageni wakalala kwa zamu chini ya ukingo, wamekunjamana kama hobiti, huku wenzao wakiwapiga picha. Ile mizizi mikubwa haipo. Ilikuwa ya bandia na iliondolewa kazi ilipokwisha. Hata misonobari yenyewe si miti ya asili ya nchi hiyo: ilipandwa na walowezi, na mingi ni ya aina iliyotoka California. Kwa hiyo mgeni anatazama miti ya California, katika mlima wenye jina la malkia wa Uingereza, akitafuta mti ambao haukuwahi kuwa mti, ili aingie katika nchi iliyobuniwa na mhadhiri wa Oxford.

Lakini mlima huu una jina jingine. Wamaori huuita Matairangi, jina linalofasiriwa kuwa mahali pa kuiangalia mbingu. Na kilele chake huitwa pia Tangi Te Keo, yaani kilio cha Keo. Jina hili la pili haliwezi kufahamika pasipo kisasili chake.

Husimuliwa kwamba zamani za kale bandari ya Wellington, iitwayo Te Whanganui-a-Tara, ilikuwa ziwa lililozingirwa na nchi kavu pande zote. Ndani yake waliishi taniwha wawili, viumbe wakubwa wa majini, Ngake na Whātaitai. Ngake alikuwa na pupa ya kuiona bahari. Alijikunja mkia, akajifyatua kwa nguvu zake zote, akauvunja mwamba na kutokea baharini. Ufa alioufungua ndio mlango wa bandari mpaka leo. Whātaitai alijaribu njia nyingine lakini maji yakapwa, naye akakwama kwenye kina kifupi. Aliishi hapo kwa muda mrefu akilowanishwa na maji kujaa na kukaushwa na maji kupwa. Hatimaye tetemeko la ardhi likamwinua juu ya maji kabisa, naye akafa. Roho yake ikageuka ndege aitwaye Te Keo, akaruka hadi kilele cha Matairangi, akalia. Mwili uliobaki chini ukawa nchi kavu. Mtaa wa Hataitai ulio hapo unalihifadhi jina lake.

Nilimuuliza kiongozi wetu kama anaijua ngano hiyo. Aliijua, tena aliisimulia vizuri kuliko nilivyoisoma, akionyesha kwa kidole pale Ngake alipopita na pale Whātaitai alipolala. Alipomaliza, kimya kilitanda kwa muda. Mwanamke mmoja katika kundi letu akauliza kwa nini hakuisimulia mapema. Akajibu kwamba ngano hiyo haimo katika ziara iliyolipiwa.

Sikumlaumu. Bali jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Jina linalokumbuka kisiwa

Kutoka Matairangi, upande wa mashariki, unaiona rasi ya Miramar. Huko ndiko iliko karakana ya Weta Workshop, iliyotengeneza silaha, maleba na vinyago vya filamu hizi, na ndiko zilikojengwa studio zilizoanzia katika majengo ya kiwanda cha zamani cha rangi. Mgeni huweza kuingia katika duka na maonyesho yaliyofunguliwa mwaka wa 2008, yakilindwa mlangoni na mazimwi makubwa ya kuchongwa. Inafaa kutaja kwamba weta ni jina la Kimaori la mdudu wa asili ya Nyuzilandi. Neno dogo la lugha ya wenyeji limeenea duniani kote katika orodha za majina mwishoni mwa filamu, wala watazamaji wengi hawajui kuwa ni neno la lugha gani.

Miramar ni neno la Kihispania lenye maana ya kutazama bahari. Ni jina zuri, nalo halina la kutufundisha kuhusu mahali hapo. Jina la Kimaori ni Te Motu Kairangi. Motu ni kisiwa. Lakini mbona rasi iitwe kisiwa? Wanajiolojia wanatujibu kwamba Miramar ilikuwa kisiwa kweli kweli. Mkondo wa bahari uliitenga na nchi kavu, mpaka ardhi ilipoinuliwa na tetemeko kubwa yapata karne ya kumi na tano, jambo lililotokea wakati Wamaori wakiishi hapo. Kumbukumbu yake imo katika masimulizi yao. Tetemeko jingine kubwa la mwaka wa 1855 liliinua ardhi tena.

Sasa msomaji airudie ngano ya Whātaitai. Kiumbe kikubwa kimekwama kwenye maji mafupi kati ya kisiwa na nchi kavu, tetemeko linakiinua, mwili wake unageuka ardhi. Tukiisoma kama kisasili, tunapata maelezo ya asili ya sura ya nchi, kama ilivyo kawaida ya visasili. Tukiisoma pamoja na jina Te Motu Kairangi, tunapata ushahidi wa jambo lililoshuhudiwa na watu. Fantasia hii haikukodi ardhi, imeota humo.

Uwanja wa ndege wa Wellington umejengwa juu ya ukanda huo huo ulioinuliwa, kwa hiyo kila mpenzi wa filamu anayetua pale hutua juu ya mgongo wa taniwha bila kujua. Baada ya mwaka wa 2013, kwa muda wa miaka mingi, dari ya uwanja huo ilining'inizwa tai wakubwa wa filamu za The Hobbit. Mnamo Januari 20, 2014, tetemeko la ardhi lilimwangusha mmoja wao sakafuni. Sitatoa maoni.

Bonde la Hutt: kuona pasipokuwapo na kitu

Kaskazini mwa jiji ni bonde la mto Hutt, na huko inahitajika gari. Nitalipitia kwa haraka, kwa kuwa hoja ni ile ile. Mto wenyewe una majina matatu. Hutt ni jina la mwanasiasa wa Uingereza aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa kampuni iliyoleta walowezi. Te Awa Kairangi ni jina la Kimaori, na siku hizi huandikwa pamoja na lile la kwanza. Na mashabiki huita sehemu yake moja Anduin, mto mkuu wa riwaya. Katika Harcourt Park, mjini Upper Hutt, ndipo palipokuwa bustani za mchawi Saruman. Leo ni uwanja wa watoto na familia zenye vikapu vya chakula.

Machimbo ya mawe ya Dry Creek ndiyo yaliyonigusa zaidi. Hapo ndipo palipojengwa ngome ya Helm's Deep, na vita vyake vikaigizwa usiku baada ya usiku kwa miezi kadhaa. Baadaye ukajengwa papo hapo mji mweupe wa Minas Tirith. Hakuna kilichobaki. Ni machimbo yanayofanya kazi, mgeni haruhusiwi kuingia, naye hutazama akiwa kando ya barabara kuu huku malori yakipita. Hata hivyo, watu husimama. Wanatazama mwamba uliochimbwa na kuona mji. Mwalimu wa fasihi angetamani kuwaleta wanafunzi wake hapo, maana hakuna somo la tajriba ya msomaji lililo wazi kuliko hilo.

Kaitoke iko yapata kilomita 45 kutoka jijini. Ni msitu wa asili wenye mto safi unaochotwa maji ya kunywa ya Wellington. Hapo palipigwa picha za Rivendell, makao ya Waelfi. Majengo yaliondolewa, lakini wenye hifadhi wameweka vibao na tao la mfano ili mgeni asirudi mikono mitupu. Nilikuta vijana wakivaa masikio yaliyochongoka yaliyotengenezwa kwa plastiki. Nilikiri moyoni kwamba hapa fantasia na ardhi zimepatana: miti ni ile ile iliyokuwapo kabla ya mtu yeyote kuleta kamera, na aliyekuja kutafuta Waelfi huondoka akiwa ameuona msitu wa Nyuzilandi. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Na hapa mwenyeji ni mti.

Atakayekuwa na siku ya ziada na aelekee Wairarapa, ng'ambo ya safu ya milima, akaone nguzo za Putangirua. Mvua imechonga changarawe zilizoshikamana zikawa minara mirefu, na filamu ya tatu ilizitumia kwa njia iendayo kwa wafu. Jackson aliwahi kuzitumia pia katika Braindead, filamu yake ya vitisho ya mwaka wa 1992. Mahali pamoja, visa viwili visivyojuana kabisa.

Kilele kisichopigwa picha

Yapo maeneo ambako wenyeji waliweka mpaka. Mbali sana na jiji, katikati ya kisiwa cha kaskazini, umo mlima wa volkano uitwao Ngauruhoe ambao uliipa filamu umbo la Mlima wa Maangamizi. Kilele chake ni kitakatifu kwa Wamaori wa eneo hilo, nacho hakikupigwa picha kwa karibu. Matukio ya mtelemko yalipigwa katika mlima jirani, Ruapehu, na mengine yakakamilishwa kwa vielelezo na kompyuta. Neno lao ni tapu. Tukilitafsiri kuwa mwiko tunapoteza utakatifu uliomo. Tukisema takatifu tunapoteza katazo. Pengine Wamijikenda, ambao makaya yao yana miti isiyokatwa na njia zisizopitwa ovyo, wanalielewa neno hili bila kamusi.

Isidhaniwe kuwa Wamaori walikuwa nje tu ya mradi huu. Lawrence Makoare, mwigizaji Mmaori, aliwaigiza Lurtz na Mfalme-Mchawi miongoni mwa wengine. Lakini wahakiki wameuliza kwa nini waigizaji Wamaori na wa visiwa vya Pasifiki walionekana zaidi nyuma ya vinyago vya majeshi ya uovu, ilhali mashujaa wote ni weupe. Kuhusu majina, mnamo Novemba 2012, filamu ya kwanza ya The Hobbit ilipozinduliwa, Wellington ilijitangaza kuwa kitovu cha Dunia ya Kati. Ulikuwa mzaha wa biashara wa siku chache. Hata hivyo ni jambo la kufikirisha kwamba jina la kubuni lilipewa jiji kwa wiki moja kwa urahisi mkubwa, ilhali jina Te Whanganui-a-Tara lilingoja zaidi ya karne moja ndipo lianze kusikika tena katika shughuli rasmi, baada ya Kimaori kufanywa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka wa 1987.

Na Kipini je?

Pwani yetu inayo mandhari ya namna hii. Huko Kipini, karibu na mlango wa mto Tana, wenyeji huonyesha mahali wanapoamini kuwa ni kaburi la Fumo Liyongo. Utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913 unasimulia jinsi shujaa huyo, asiyeuawa kwa silaha yoyote isipokuwa shaba kitovuni, alivyochomwa na mwanawe wa kumzaa, akaenda akapiga goti karibu na kisima, uta mkononi, akafa hali ya kuonekana hai. Watu waliogopa kuteka maji. Hiyo ni fantasia yenye eneo lake, kama ile ya Te Keo: kisa hakikuja kukodi kisima, kilizaliwa kisimani.

Siku atakapokuja mwelekezi mwenye fedha akitaka kuigiza fantasia fulani ya mbali katika magofu ya Gedi au kwenye matuta ya mchanga ya Kipini, hatutakuwa na sababu ya kumfukuza. Vijana watapata kazi, na pengine barabara itatengenezwa. Ila baadaye watakuja wageni wakiwa na picha mikononi, na kijana wa pale atakodiwa awaonyeshe mahali ambapo mhusika wa kubuni alisimama. Tutapenda kujua kama Liyongo atakuwamo katika ziara iliyolipiwa, au atasubiri mpaka mgeni mmoja aulize.

Katika mitaala yetu ya fasihi simulizi, mwanafunzi hutumwa nyanjani kukusanya ngano, methali na vitendawili. Ni nadra atumwe kukusanya majina ya mahali pamoja na visa vinavyoyabeba: mlima huu unaitwaje, uliitwaje kabla ya hapo, na nani alilia juu yake. Nilipokuwa nikishuka Matairangi jioni ile, kiongozi wetu aliniuliza kama Kiswahili kina neno la taniwha. Nilianza na joka, nikaliacha. Nikajaribu zimwi, nikaliacha pia. Nikataja chunusi, nikaona limekaribia kidogo kwa kuwa naye yumo majini na huvuta watu. Tulifika chini ya mlima tukiwa bado tunabishana.